Risala ya walimu wa sayansi na hesabu kwa Mgeni Rasmi, Goma

Mheshimiwa Inspekta, Mgeni wetu Rasmi, Bwana Prefe mkuu wa shule yetu, wazazi na wanafunzi,

Karibu shuleni kwetu. Ndoo nne unazoziona hapo mezani ni karatasi ya mtihani ya darasa la nane.

Familia nyingi za Goma huchota maji Ziwa Kivu, na kipindupindu tunakijua. Swali ni hili: mama mwenye bidoni ya lita 20 atie klorini kiasi gani? Wanafunzi hupiga hesabu ya mchanganyiko wa asilimia 1: gramu 15 za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 kwa lita moja ya maji. Kuupima unga ni kazi ya mwalimu, kwa glavu na madirisha wazi, maana unaunguza macho. Kila ndoo ina lita 20. Ya kwanza hutiwa mililita 1 ya mchanganyiko, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 4. Wanakoroga, wanangoja dakika 30, kisha wanapima klorini iliyobaki. Ndoo iliyobakiwa na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita ndiyo yenye dozi inayofaa.

Wakati mwingine ndoo zote husoma sifuri. Mara nyingi ni klorini iliyokaa sana juani sokoni, au maji yenye tope. Hapo ndipo tunapomjua mwanafunzi: anayeishuku klorini anapata pointi, anayebuni namba ili ifanane na ya jirani hapati kitu.

Ugumu uko kwenye kusahihisha. Katika kundi la watu sita, mmoja hufanya na watano hutazama. Kwa hiyo mikono hufanya kazi pamoja, lakini kila mwanafunzi hujibu peke yake maswali matatu, kila swali na takwimu zake, ili kosa la kwanza lisiyaangushe mengine. Kwa mfano: ikiwa mililita 2 zinatosha lita 20, tanki la lita 1,000 linahitaji ngapi? (Anayejibu 25 amegawanya pasipo kugawanywa, na tunajua cha kumfundisha kesho.) Tunafuata kanuni ya Mbelgiji Jean-Marie De Ketele: aliyefaulu mara mbili kati ya tatu ameuweza ujuzi huo. Robo tatu ya pointi ni za mambo ya msingi, yaani kuelewa swali, kutumia hesabu inayofaa na kutoa jibu lenye mantiki. Robo iliyobaki ni ya unadhifu na lugha. Mwenye Kifaransa kitamu aliyekosa dozi hampiti aliyeipata.

Kabla ya kusahihisha zote, walimu wawili husahihisha karatasi chache zilezile bila kuonana. Wakitofautiana sana, vigezo ndivyo vinavyorekebishwa.

Hatusemi Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ifutwe. Lakini swali la kuchagua jibu haliwezi kutuonyesha kama mtoto anajua kupima.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu. Kazi hizi zihesabiwe katika pointi za kipindi. Tupate mizani inayopima gramu moja moja, pamoja na vidonge vya kupimia klorini, ambavyo huisha haraka. Na ratiba itupe saa mbili zinazofuatana, kwa sababu dakika 30 za kungoja hazipunguzwi.

Tunaomba kuwasilisha.