Kabla ya Kulipia Programu ya Kuchora Mifumo

Wateja wanaotuagiza tuwatengenezee mifumo ya kompyuta hutaka kujua mapema wanunue programu gani ya michoro, nasi huwauliza kwanza: mkataba ukiisha, ni nani ofisini kwenu atakayeirekebisha michoro hiyo? Mfumo hubadilika kila mara, na mchoro uliokabidhiwa kama picha ndani ya PDF haubadiliki nao.

Ipo tofauti moja ambayo mnunuzi anapaswa kuielewa vizuri. Katika draw.io, ambayo unaweza kuitumia bila malipo na hata pasipo intaneti, kisanduku ulichokiandika "Mteja" ni umbo tu. Ukikibadilisha jina katika mchoro mmoja, michoro mingine hubaki na jina la zamani. Katika programu ya modeli kamili, kama Enterprise Architect, "Mteja" huhifadhiwa mara moja, na jina jipya hujitokeza katika kila mchoro anamotajwa. Uwezo huo unaifaa sana benki yenye mifumo mingi inayotegemeana, lakini duka lenye mfumo mmoja wa mauzo litalipia leseni na mafunzo ambayo halitayatumia.

Kwa miradi midogo tunapendelea PlantUML au Mermaid, ambazo mchoro wake huandikwa kwa maneno na kutunzwa pamoja na msimbo (maandishi ya programu yenyewe), hivyo huonekana nani alibadilisha mstari upi na lini. Chukua malipo ya M-Pesa: katika PlantUML, mstari "Duka -> Mpesa : omba malipo" huchora mshale mmoja, na mstari unaofuata huchora uthibitisho ukirudi kwenye seva ya duka. Mhasibu akiutazama mchoro huo ataona pengo upesi: mteja akikatwa pesa na uthibitisho usifike, oda yake itakuwaje? Ni afadhali mno swali hilo liulizwe hapo kuliko siku ya mauzo, mtandao ukiwa unasumbua na mteja amesimama kaunta.

Alama za UML, yaani lugha sanifu ya kuchora mifumo, zilizopitishwa na shirika la viwango la OMG mwaka 1997, zina aina 14 za michoro katika toleo la pili. Usikubali kulipishwa zote; mradi wa kawaida hutosheka na chache.

Katika mkataba, dai faili za asili, yaani .drawio au .puml, si picha peke yake. Kabla ya kusaini mapokezi, fungua faili mojawapo kwenye kompyuta yako mwenyewe, badilisha jina la kisanduku kimoja, kisha uhifadhi.