Bei itajwe kabla ya bao la ramli: barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara, Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum, na heshima zako. Tunaokuandikia ni mafundi wa kombe (aya zinazoandikwa sahanini, zikaoshwa na kunywewa), ruqya (kumsomea mgonjwa Qur'ani) na falaki (hesabu ya nyota), wa kisiwani, Likoni na Kisauni. Kila kinapotokea kilio cha mtu aliyekamuliwa na mganga, husikika wito uleule: malipo ya kazi hizi yapigwe marufuku yote. Sisi twasema malipo si kosa. Kosa ni bei inayotajwa baada ya mtu kuogofywa.

Kwa Waislamu jambo hili lina msingi wa kale. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, masahaba waliombwa wamsomee mkuu wa kabila aliyeumwa na nge. Walipatana kwanza juu ya kondoo, ndipo mmoja wao akamsomea Fatiha, na Mtume (SAW) akaukubali ujira ule. Hadithi nyingine inakataza ujira wa kahini, yaani mtabiri. Msomaji alilipwa kwa kazi aliyoifanya mbele za watu, kwa bei iliyojulikana. Kahini hulipwa kwa kudai ghaibu, na ghaibu haina mizani wala bei.

Kazi halali ina gharama inayohesabika. Chukua kombe. Linahitaji sahani nyeupe ya kauri, zafarani, marashi ya mawaridi na kalamu safi. Nyuzi kumi na tano hivi za zafarani huloweshwa katika vijiko viwili vya marashi mpaka rangi itoke, aya zikaandikwa, zikaachwa zikauke, kisha zikaoshwa kwa maji safi anayokunywa mgonjwa. Kwa siku tatu au saba, kila siku huandikwa upya. Kilicho ghali hapo ni zafarani, na hapo ndipo wizi unapoingia. Wako wanaoandika kwa rangi ya kutilia pilau, na wabaya zaidi kwa wino wa kalamu, kisha mgonjwa akanyweshwa. Zafarani ya kweli ukiitia katika maji baridi hutoa rangi ya manjano polepole, na nyuzi zenyewe hubaki nyekundu. Ya bandia humwaga rangi papo hapo na nyuzi zikapauka. Mteja ana haki ya kuliona jaribio hilo kabla hajatoa hata shilingi.

Falaki nayo ni hesabu. Jina la mtu na la mamaye hugeuzwa tarakimu kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha nyota. Ali ni 70, 30 na 10, jumla 110. Mamaye Maryam ni 40, 200, 10 na 40, jumla 290. Zote pamoja 400. Ukitoa kumi na mbili mara thelathini na tatu, yaani 396, inabaki 4, na ya nne ni Saratani, nyota ya kaa. Awe anaamini nyota au haamini, mafundi kumi watapata jibu hilohilo, tena kwa dakika tano. Basi kazi ya dakika tano haiwezi kuwa elfu mbili kwa muuza viazi wa Kongowea na elfu arubaini kwa mke wa baharia.

Mtego wenyewe una hatua zake, nasi twazijua. Huanza na hela ndogo ya kifungua mkoba, mia tatu au mia tano, aghalabu kwa simu. Kisha huulizwa jina la mama, mteja akaona yuko kwa mjuzi. Kisha huja habari nzito: umefungwa kwa uchawi, tena na mtu wa nyumba yako. Baadaye hutakiwa kitu kisichopatikana kwa urahisi, mbuzi mweusi asiye na doa hata moja, na fundi kwa huruma yake akajitolea kumtafuta mwenyewe, wewe tuma pesa tu. Mbuzi huyo haonekani. Katika kafara ya sawasawa jamaa hununua mnyama wenyewe, wakamchinja mbele ya macho yao, na nyama ikaenda kwa maskini. Hatua ya mwisho ndiyo inayovunja nyumba: kazi imeshaanza, ukiikatiza itamrudia mtoto. Hapo mtu huuza cherehani.

Wachungaji wanaouza mafuta ya upako kwa chupa wapimwe kwa kipimo hichohicho. Mathayo 10:8 inasema mmepata bure, toeni bure.

Mheshimiwa, Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ilitungwa 1925 kwa ajili ya vitisho vya uchawi, si kwa kupanga bei. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamfikia anayechukua mali kwa hila, lakini mpaka mlalamikaji aende kituoni, na aliyeambiwa kuwa mwanawe atadhurika haendi. Ila Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 imezipa kaunti leseni za biashara na matangazo ya nje. Mlango uko kwako.

Tunakuomba kila anayefungua kilinge au chumba cha kusomea kwa malipo abandike bei zake mlangoni kwa Kiswahili, kombe kiasi gani, kusomewa kiasi gani, na asiruhusiwe kuongeza baada ya kupiga bao. Atoe risiti, iwe ya mkono. Vitu vya kazi vinunuliwe na mteja au jamaa yake. Asimwambie mtu aache dawa za hospitali, hasa za kifafa, sukari na ukimwi: mwenye kifafa akizikatiza ghafla anaweza kuanguka mfululizo, na watu watasema pepo amekasirika. Na anayetaja adhabu kwa mteja anayetaka kuacha, anyang'anywe leseni siku hiyohiyo. Hili la mwisho ndilo tunalolishikilia kuliko yote.

Kuhusu karatasi za matangazo ya waganga zilizobandikwa kwenye nguzo za stima kuanzia Mwembe Tayari hadi Likoni feri, tafadhali anza na zile zilizoandikwa "malipo baada ya kazi". Zinaonekana za uaminifu kuliko nyingine zote, kumbe ndizo za hatari zaidi, kwa sababu bei haijatajwa na kazi haina kipimo cha kumalizika. Mteja huingia akidhani hadaiwi kitu. Siku mambo yakimnyookea kwa heri zake mwenyewe, hupigiwa simu akaambiwa deni lake ni kiasi gani, na litakalompata asipolipa.

Ni sisi mafundi wa kombe, ruqya na falaki, Mombasa.