Kazini nasifiwa, usiku silali: nikubali cheo hiki?

Shikamoo Shangazi, na wasomaji wenzangu habari zenu. Naomba jina langu lihifadhiwe.

Mimi ni mama wa miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, na tunaishi Kimara, Dar es Salaam. Ni mhasibu katika kampuni binafsi, huu mwaka wa tisa. Nina barua ambayo mtu mwingine angeishangilia: nimeteuliwa kuwa mkuu wa kitengo cha uhasibu, na natakiwa kujibu kwa maandishi kabla ya mwezi kwisha. Tangu nikabidhiwe barua hiyo chakula hakikai tumboni.

Nianze na jambo ambalo mpaka mwaka huu sikuwahi kumweleza mtu. Kwenye simu yangu kuna picha zaidi ya 400 za mtungi wa gesi. Kila asubuhi kabla ya kutoka nafunga gesi, nazungusha koki mpaka inagoma, kisha naipiga picha. Kabla ya kuanza mtindo huo nilikuwa nashuka kwenye mwendokasi Ubungo, navuka, nasubiri basi la kurudi Kimara, nahakikisha, naondoka tena. Ndiyo maana natoka nyumbani saa 11 alfajiri kwa kazi inayoanza saa 2, ili hata nikirudi nisichelewe. Picha zimeniokolea nauli, ila wasiwasi haukuondoka. Nikifika ofisini naifungua, naangalia saa iliyopigwa, naikuza mpaka nione koki imeelekea wapi, halafu najiuliza: je, baada ya kupiga picha sikuigusa tena? Baba watoto alizigundua siku alipokuwa anatafuta picha ya mtoto ya maulidi ya shule. Kwanza alicheka. Alipoona anateremka na mitungi haiishi, akanyamaza, akanirudishia simu.

Kazini hakuna ajuaye. Kule mimi ni "dada wa uhakika". Kodi ya mishahara inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 na ritani ya VAT tarehe 20, mimi tarehe 4 na tarehe 14 nimeshamaliza. Miaka yote hii hatujalipa faini ya kuchelewa hata mara moja. Mkaguzi akiulizia risiti ya miaka mitatu nyuma, naitoa kabla hajamaliza chai yake. Watu wanasema napenda kazi, na kweli naipenda, lakini kinachonikimbiza si mapenzi. Ni mambo yanayopita kichwani: nimekosea tarakimu moja, kampuni imepigwa faini, nimefukuzwa, ada haijalipwa, watoto wamerudishwa nyumbani. Safari yote hiyo naimaliza kabla sijafika juu ya ngazi. Bosi akituma ujumbe mfupi tu, "dada, njoo mara moja", viganja vinalowa, na mara nyingi huwa ananiita kunishukuru.

Usiku naamka saa 9, bila kengele, moyo unakwenda mbio kana kwamba kuna mtu amegonga mlango. Hapo ndipo nakumbuka kila barua pepe niliyotuma mchana. Daktari wa meno aliniambia magego yangu yamelika kwa sababu nasaga meno nikilala. Sikuwa najua.

Lakini lililonifanya niandike si usingizi wala meno. Kuna kijana mmoja kwenye kitengo chetu, mpole, anajifunza vizuri. Kazi yake ni kulinganisha taarifa ya benki na daftari letu la fedha kila mwisho wa mwezi. Kwa muda wa karibu mwaka mzima nilikuwa naipokea kazi yake, namwambia ahsante, halafu usiku naifanya upya yote kuanzia mstari wa kwanza. Sikuwahi kukuta kosa la maana. Siku moja niliacha faili langu wazi kwenye kompyuta, akaliona. Hakupiga kelele. Alisimama pembeni ya meza yangu akiwa ameshika kikombe chake, akasema, "Dada, kama huniamini si ungeniambia tu." Wiki iliyofuata akaomba kuhamishiwa idara ya manunuzi. Nilimwomba radhi, akasema yameisha, ila hatujarudi kuwa kama zamani. Yeye hakuwa na tatizo lolote, na mimi nilimfanya ajione hafai. Kitengo kina watu sita, Shangazi. Nikiwa mkuu wao, kila karatasi yao itatoka na sahihi yangu. Je, nitafanya upya kazi za watu sita?

Hospitali nilikwenda nikiamini ni moyo. Wakanipima umeme wa moyo, damu, sukari, hata homoni za tezi, kwa sababu tezi ikizidi kufanya kazi nayo huleta mapigo ya haraka na kutetemeka. Vyote vizuri. Nilitamani waone kitu, Mungu anisamehe, angalau ningekuwa na jina la kuwaambia watu. Nikapelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, mama mmoja mtaratibu sana. Akanipa karatasi yenye maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita: ni mara ngapi umeshindwa kuzuia wasiwasi, ni mara ngapi umeshindwa kutulia, na kadhalika. Alama za juu kabisa ni 21, mimi nilipata 14. Akanieleza kwamba kuanzia 10 daktari anatakiwa achunguze kwa undani, lakini karatasi peke yake haimpi mtu ugonjwa.

Nikamuuliza juu ya hili jina linalozunguka mitandaoni, "high-functioning anxiety", yaani wasiwasi wa mtu ambaye mambo yake yote yanakwenda. Akasema jina hilo halimo kwenye vitabu vya kutambulia magonjwa, ila watu linaowaelezea anawaona kila wiki. Kilichomo vitabuni ni ugonjwa wa wasiwasi wenyewe, ule wa kuhofia mambo mengi kwa wakati mmoja, siku nyingi kuliko siku za nafuu, kwa miezi sita au zaidi. Mimi nilihesabu miaka, nikaishia chuoni. Kisha akaniambia neno ambalo bado nalitafuna: watu kama mimi huchelewa kufika kwake kwa sababu kila mtu anafaidika na ugonjwa wetu.

Ameniambia dawa zipo, za kumeza kila siku, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi. Lakini alipendekeza nianze na tiba ya mazungumzo kwa mwanasaikolojia, kikao kimoja kwa wiki, Alhamisi saa 9 alasiri. Nimekwenda mara tatu kwa kusingizia benki. Kule hakuna kulala kitandani na kusimulia utoto, kama nilivyodhani. Unapewa mazoezi. La kwanza lilikuwa kutenga dakika 20 jioni, saa 12, za kuandika kila ninachohofia kwenye daftari. Hofu ikija saa 4 asubuhi naiambia isubiri saa yake. Nilidharau, lakini linasaidia, kwa sababu jioni nikiyasoma, nusu ya mambo sikumbuki hata yalianzaje. La pili ni kutoka nyumbani bila kupiga picha ya gesi. Nafunga mara moja, naondoka. Siku ya kwanza mpaka Magomeni jasho linanitoka, mwanafunzi akaniachia kiti akidhani naumwa. Siku ya nne nilifika Kivukoni ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimeikumbuka. Nililia pale kituoni, kwa furaha. Wiki iliyofuata bosi alileta ile barua, nikarudia picha.

Nyumbani baba watoto ananisaidia kwa namna anayoijua. Ananiambia, "Punguza mawazo." Ningekuwa najua yanapunguzwa wapi ningekwenda mwenyewe, lakini simlaumu, anaamka na mimi saa 9 kunichemshia maziwa. Mama yangu ndiye mtihani. Yuko Morogoro. Nilipomgusia habari za daktari alisema, "Mwanangu, una mume, una kazi, watoto wanasoma, sasa unataka Mungu akupe nini? Usiniletee habari za Mirembe mimi." Mnajua jina hilo la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma likitajwa katika familia linamaanisha nini. Nasali, Shangazi, tena sana. Na nikiwa nasali ndipo napata nguvu ya kwenda Alhamisi, ila sijapata maneno ya kumwambia hivyo akanielewa.

Sasa shida yangu iko hapa. Nikikubali cheo, vikao vya Alhamisi haviwezekani bila kumwambia bosi ukweli, maana alasiri hiyo hiyo ndiyo ya kikao cha wakuu wa idara. Nikimwambia, naogopa ataniona mgonjwa wa akili aliyekabidhiwa fedha za watu. Nikikataa cheo bila kutoa sababu, ataona sina shukrani, na nyongeza ya mshahara tungeihitaji, kwa kuwa mkubwa anaingia kidato cha kwanza Januari.

Na kuna hofu nyingine ambayo naona aibu hata kuiandika. Naogopa kupona. Kila nilichopata, shahada, kazi, hata sifa ya ukweni kwamba mke wetu hasahau kitu, nimekipata nikiwa na huu moto mgongoni. Ukizimwa, ni nani atakayebaki? Nilimuuliza mwanasaikolojia, naye akanirudishia swali: yule kijana alifanya hesabu zake sawasawa mwaka mzima, je, alikuwa halali usiku? Sijui kama alikuwa halali. Ninachojua ni kwamba saa 11 jioni alikuwa anafunga kompyuta yake na kwenda kucheza mpira.

Kwa hiyo naomba ushauri wako Shangazi, na wa wasomaji waliopita njia hii, hasa mliomwambia mkubwa wenu wa kazi. Mlimwambia kwa maneno gani, na mlimweleza kiasi gani? Je, niombe cheo kisogezwe mbele miezi sita, au nikikubali ndipo nijadili saa ya kikao? Na mwenye mama kama wangu anieleze alianzia wapi.

Barua ya kujibu natakiwa niiweke mezani kwa bosi Ijumaa ijayo.

Mama wa wawili,
Kimara, Dar es Salaam