Kwa Eliya, kuhusu vitabu ulivyopewa

Moshi,
14 Septemba 2025

Ndugu yangu mpendwa Eliya,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia salama, nami nimemshukuru Mungu kusikia kwamba shemeji amepata nafuu. Umeniuliza jambo ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka: huyu Rushdoony, ambaye wazee wa kanisa mnaloabudu sasa humtaja mara kwa mara tangu mlipoamua kuwafundisha watoto nyumbani, ni nani, na mafundisho yake yamefikaje katika siasa za huko Marekani.

Rousas John Rushdoony alizaliwa New York mwaka 1916, mtoto wa Waarmenia waliokimbia mauaji ya kimbari. Alipokuwa mchungaji wa Kipresbiteri alitumika miaka kadhaa, kuanzia 1944, miongoni mwa wenyeji asilia wa Duck Valley huko Nevada. Aliwakuta wakiitegemea serikali katika mambo mengi ya maisha yao, na humo akazidi kusadiki kwamba dola inayojitwika kazi ya kulea, kulisha na kufundisha inajifanya mungu. Nakuomba ulizingatie hilo, kwa sababu wengi wetu tukisikia neno theokrasia, yaani utawala wa sheria ya Mungu, hufikiria serikali kubwa yenye askari wa dini kila mtaa. Yeye alitaka dola iwe ndogo sana, kodi iwe kidogo, shule za umma na misaada ya serikali viondoke, na kazi hizo zirudi kwa familia na kanisa. Ila dola hiyo ndogo ingeshika upanga wa Torati. Katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1973, chenye kurasa zaidi ya 800, alizifafanua amri kumi moja baada ya nyingine, akatetea adhabu ya kifo kwa uzinzi, ushoga na kukufuru, na demokrasia akaiita uzushi.

Wafuasi wake hujiita wajenzi wapya, na fundisho lao, kwamba sheria ya Torati iendelee kuongoza jamii, huitwa theonomia. Hawakuwa na haraka ya kunyakua madaraka, kwa kuwa waliamini kwamba injili itayashinda mataifa polepole kabla Kristo hajarudi, hata kama itachukua vizazi vingi. Ndiyo maana shule ilikuwa kwao uwanja wa kwanza wa mapambano. Rushdoony alisafiri katika majimbo mengi kutoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani kwa ajili ya wazazi waliofundisha watoto nyumbani, na huko kwenu Texas alitoa ushahidi katika kesi ya Leeper, ambayo wazazi waliifungua mwaka 1985, wakashinda mwaka 1987, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaithibitisha haki yao mwaka 1994. Haki unayoitumia leo mezani kwako, pamoja na watoto, ilipiganiwa kwa sehemu na mtu huyu, na sisemi hivyo ili kukutia hatia. Kuna wazazi wa kila imani walioipigania pia.

Wahafidhina wengi wa Kikristo hawakuyakubali mafundisho yake yote. Mhubiri Jerry Falwell na wenzake wa miaka ya 1980 walikuwa wakingojea kunyakuliwa kwa kanisa, wala hawakutaka kumpiga mtu mawe. Walichokichukua ni hoja: kwamba hakuna elimu wala sheria isiyo na dini ndani yake, na kwamba serikali ikisema haina upande, tayari imechagua dini nyingine. Hoja hiyo ikakutana na watu waliochukia kodi kwa sababu za uchumi tu. Gary North, mkwe wa Rushdoony, alikuwa daraja kati ya makundi hayo. Mwaka 1976 alifanya kazi katika ofisi ya mbunge Ron Paul, mpinzani mkubwa wa kodi, na baadaye aliandika vitabu vingi kutoka Tyler, mji wa jimbo lenu. Siku hizi mchungaji Douglas Wilson wa Moscow, Idaho, ambaye theonomia imemgusa sana, anasikilizwa mbali kuliko Rushdoony alivyowahi kusikilizwa, na Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, anasali katika kanisa mojawapo la ushirika wa makanisa ambao Wilson ni mmoja wa waasisi wake. (Mafundisho ya milima saba, kwamba Wakristo washike nyanja saba za jamii kama serikali na elimu, ambayo hata hapa kwetu yanahubiriwa kwenye semina, yana chimbuko jingine, la mwaka 1975 kwa Bill Bright na Loren Cunningham, na yameenea zaidi kwa Wapentekoste, usiyachanganye.)

Sasa niseme kinachonisumbua. Katika kitabu kile cha 1973 Rushdoony aliandika kwamba uzito wa sheria ya Mungu unapinga ndoa za watu wa rangi na tamaduni tofauti. Eliya, wewe na shemeji mnawalea mabinti weusi katika kanisa ambalo wengi wao ni weupe, na siku moja mabinti hao watachumbiwa. Sidai kwamba wazee wenu wanaamini hivyo. Huenda hata hawajaisoma sehemu hiyo. Lakini waulize, tena uwaulize mapema, uso kwa uso.

Utakumbuka pia tuliyosoma pamoja Makumira: mwaka 1525 Luther alihubiri kwamba sheria za kiraia za Musa walipewa Wayahudi, nasi hazitufungi isipokuwa pale zinapokubaliana na sheria ya asili na Agano Jipya. Mimi bado nasimama hapo. Namwogopea mwenye dhambi anayesimama mbele ya hakimu aliyejipa cheo cha Musa, na naiogopea injili yenyewe itakapohubiriwa na mkono ulioshika jiwe.

Kati ya vitabu ulivyopewa vya kuwafundishia watoto, vya hesabu na sarufi vitumie bila wasiwasi. Vile vya historia na uraia, nitumie picha za yaliyomo, hasa sura za utumwa na za vita vya wenyewe kwa wenyewe, nivisome kabla hujawapa watoto. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ule mchele ulifika.

Nduguyo katika Kristo,
Yoeli