Jeki ni ya Kuinua Gari, si ya Kulishikilia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie usalama wa watu wanaotengeneza magari yao nyumbani, hasa sisi wa mitaa ya Jinja, Mbale na Kampala, ambao hufanyia uani kazi nyingi ndogo ndogo: kubadilisha tairi lililotoboka, kukagua pedi za breki, kumwaga oili iliyochakaa, au kutafuta chanzo cha mlio unaosikika chini ya gari. Kazi hizo si ngumu, na sioni sababu ya kumkataza mtu kuzifanya mwenyewe. Ninachokiogopa ni namna tunavyoliinua gari na, zaidi ya hapo, namna tunavyoliacha juu ya jeki huku mtu amelala chini yake.

Jeki imeundwa kuinua gari, haikuundwa kulishikilia. Jeki ya chupa na ile ya toroli huinua kwa nguvu ya oili iliyobanwa ndani ya silinda, na oili hiyo huzuiwa na raba ndogo pamoja na vali. Raba ikichakaa, au chembe ya uchafu ikikwama kwenye vali, oili hupenya na gari hushuka, pengine polepole, pengine kwa ghafla. Jeki ya mkasi, ambayo ndiyo huwekwa ndani ya buti la magari mengi madogo, haina oili, lakini kitako chake ni chembamba, na gari likisogea kidogo mbele au nyuma, jeki hiyo huinama na kuliachia. Magari mengi ya familia yanayoendeshwa hapa Uganda yana uzito wa kati ya kilo 1,000 na 1,600, na uzito huo ukimwangukia mtu kifuani unaweza kumuua.

Kwa sababu hiyo, mtu yeyote anayekusudia kuingiza hata bega lake chini ya gari anapaswa kuwa na stendi za chuma, zile zenye miguu mipana na pini au meno ya kufungia urefu, ambazo huwekwa baada ya jeki kumaliza kazi yake, kisha gari hushushwa taratibu mpaka likae juu yake. Mitaani kwetu stendi hizo ni chache, na nafasi yake imechukuliwa na matofali. Tofali la kuchoma ni imara likiwa ukutani, ambako uzito husambaa juu yake lote. Likiwekwa chini ya gari, uzito hukutana mahali padogo, nalo hupasuka bila kutoa dalili. Tofali la saruji lenye matundu ni baya zaidi. Asiyeweza kupata stendi leo na aahirishe kazi ya chini ya gari, abadilishe tairi lake tu bila kuingia. Aliye nazo pia alisukume gari kwa mkono kabla ya kulala chini yake, aone kama linayumba, na alilaze chini ya ukingo wa bodi gurudumu alilolitoa, ili stendi ikiteleza gari liangukie gurudumu hilo na kubakiza nafasi. Watoto wawekwe mbali kabisa wakati wote gari likiwa juu, kwa kuwa ua huo huo ndio uwanja wao wa michezo.

Mahali pa kuinulia pawe tambarare na pagumu. Udongo wetu mwekundu huonekana mgumu wakati wa kiangazi, lakini katika mvua za Machi hadi Mei jeki huzama ndani yake upande mmoja, na jeki iliyoinama haina usalama wowote. Ubao mnene wa mvule au wa mti mwingine mgumu, mpana kuliko kitako cha jeki, hutosha kuusambaza uzito huo, mradi ubao wenyewe usiwe na nyufa.

Wengi huamini kwamba gari la otomatiki likishawekwa kwenye P, yaani gia ya kuegeshea, halitembei tena, na hapo ndipo ajali nyingine huanzia. P hufunga giaboksi. Haifungi kila gurudumu peke yake. Kati ya magurudumu mawili yanayozungushwa na injini kuna difu, ambayo huruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwa hiyo gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likiinuliwa gurudumu moja la mbele, lile lililobaki ardhini linaweza kubiringika huku lililo hewani likizunguka kinyume chake, na P isizuie lolote. Breki ya mkono nayo, katika magari mengi, hushika magurudumu ya nyuma tu, na ukiinua upande wote wa nyuma haina tena cha kushika. Vyote viwili vitumike, lakini lazima pia kuwe na kabari za mbao au mawe makubwa yenye pembe, yaliyobanwa mbele na nyuma ya gurudumu lililo mkabala kimshazari na lile linaloinuliwa. Abiria wote washuke, na injini izimwe.

Sasa nije kwenye gari lenyewe, maana wapo wanaolinda mwili wao vizuri na kuliharibu gari. Chini ya milango ya magari mengi madogo kuna pindo la bati lililoshonwa kwa welding, na juu ya pindo hilo, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na pia mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, kila mahali kuna mikato miwili midogo iliyokaribiana. Jeki huwekwa katikati ya mikato miwili hiyo iliyokaribiana, mahali ambapo bati limeimarishwa kwa ndani. Kichwa cha jeki ya mkasi iliyokuja na gari kina mfereji wa kulipokea pindo hilo, lakini jeki ya chupa ina kichwa bapa, ambacho hulikunja pindo, hupasua rangi, na kutu huanzia hapo bila mwenye gari kujua. Anayetumia jeki bapa aweke kati yake na gari kipande cha raba ngumu chenye mfereji. Asiiweke jeki chini ya sampu ya oili, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, chini ya giaboksi, kwenye sakafu ya gari wala karibu na tangi la mafuta. Sehemu hizo hazikutengenezwa kubeba gari. Magari yenye chesisi, yaani fremu nzito ya chuma chini ya bodi, kama Hilux na Land Cruiser, huinuliwa kwenye ekseli au kwenye chesisi yenyewe, na huko jeki ya chupa ndiyo mahali pake.

Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado ardhini. Wakati wa kurudisha zifungwe kwa kupishana, si kwa mzunguko, kisha zikazwe kabisa gari likishashuka.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye bondi, yaani yadi za magari yaliyoagizwa kutoka nje, wanaotuuzia magari yaliyotumika kutoka Japani. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingizwa nchini kwa magari yenye umri unaozidi miaka 15, lakini hata yanayoruhusiwa huwa yameshapita mikononi mwa watu, na mara nyingi mnunuzi hukabidhiwa funguo na kadi bila kufunguliwa buti aone kama jeki ya gari hilo ingalipo. Kitabu cha maelekezo, kikiwemo, kimeandikwa Kijapani. Nawaomba wamwonyeshe kila mnunuzi jeki, spana ya magurudumu na zile sehemu nne za kuinulia zenye mikato kabla hajaondoka na gari. Nawe Mhariri, ukiweza, chapisha mchoro mmoja tu wa upande wa chini wa gari dogo, wenye maelezo ya Kiswahili, ambao msomaji ataukata na kuuweka ndani ya gari lake.

Wako katika kujali usalama,
Msomaji na mwenye gari,
Walukuba, Jinja