Uhakiki wako na pa kuupeleka

Swahiba yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, hofu ni kwako. Barua yako nimeisoma, na ile rasimu ya uhakiki wa riwaya nimeirudia mara nne. Umeuliza uandike kwa mtindo gani, kisha umeuliza upeleke wapi. Kwangu hilo ni swali moja. Ukijua umepewa maneno 300, tangu ukurasa wa kwanza unasoma ukitafuta hukumu: kitabu kinunuliwe au kiachwe. Ukipewa 3,000, unasoma na kalamu mkononi.

Nilipoanza, nilipeleka kwenye gazeti moja uhakiki wa diwani, maneno kama 1,200. Ulipotoka ulibaki na 250. Sifa zote zilikuwepo, lugha tamu, taswira nzito, ila beti nilizonukuu kuuonyesha utamu huo zilikatwa. Mshairi alinishukuru, nami moyo uliniuma, maana alichopata ni sifa tupu. Tangu siku hiyo nauliza kipimo kabla sijaandika neno.

Sasa tuje kwako. Kurasa zako mbili za mwanzo zimefuata mtindo wa darasani: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, kila kimoja na aya yake. Zifute. Uhakiki wako unaanzia kwenye mlango. Umegundua kwamba mlango wa nyuma mwanzoni mama anaufungua, katikati ya riwaya unafunguliwa, hatuambiwi na nani, mwishoni unafunguka. Kauli ya kutenda, ya kutendwa, ya kutendeka! Mama ametoweka ndani ya kitenzi kabla hatujaambiwa kwamba amekufa. Nilisoma riwaya hiyo mara mbili na sikuliona hilo.

Jicho la namna hiyo lipeleke kwenye jarida la fasihi. Utasubiri miezi, malipo huenda yasiwepo, na mhariri atakurudishia kazi ikiwa imejaa maswali. Yajibu yote. Mhariri anayekuuliza “una hakika?” ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Sisemi uhakiki mfupi ni duni. Roger Ebert alihakiki filamu katika gazeti la Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki 2013, akizipa nyota hadi nne, na mwaka 1975 akapata Tuzo ya Pulitzer. Aliweza kumwambia msomaji, kwa lugha nyepesi, filamu ilimgusa wapi na kwa nini. Wewe hujafika kwenye wepesi huo. Sentensi zako bado zinahitaji nafasi ya kugeuka.

Kuhusu jina la kubuni unalotaka kulitia kwenye uhakiki wako, nakusihi usilitumie. Times Literary Supplement, jarida la uhakiki wa vitabu la London, lilianza 1902 na kwa miaka mingi lilichapa tahakiki bila majina ya wahakiki. Desturi hiyo iliachwa 1974. Hoja ya uhuru wa kusema kweli naielewa. Lakini mtu aliyekesha miaka na kitabu chake ana haki ya kumjua anayemhukumu, nawe utapima maneno yako vizuri zaidi ukijua atakusoma kwa jina.

Andika upya, uanze na mlango. Ukimaliza niletee kabla hujampelekea mhariri, hata kama ni usiku.

Wako akupendaye,
Swahiba yako