Saladi Baridi ya Kamba: Kwa Nini Tunafungasha Sosi Kando

Wateja wetu hapa Kisumu hutuuliza mara kwa mara kwa nini saladi ya kamba na ngisi huwafikia ikiwa na sosi katika kikopo chake, ilhali kwingineko wamezoea kuipata imekwisha kuchanganywa. Sababu ni maji. Chumvi iliyomo katika sosi huvuta maji kutoka kwenye tango, kitunguu na hata kamba wenyewe, na baada ya saa chache ile sosi nzito ya mayonezi na mtindi huwa nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji, kisha lawama humwangukia mpishi.

Kamba wetu hutoka pwani wakiwa wamegandishwa, nasi huwayeyusha ndani ya friji usiku kucha. Huchemshwa kwa dakika mbili au tatu tu, hadi rangi ya kijivu igeuke kuwa ya waridi. Kamba aliyejikunja kabisa kama pete amekwisha kupitiliza. Ngisi ni mkaidi zaidi, kwa kuwa hutaka aepuliwe ndani ya dakika mbili au aachwe jikoni kwa zaidi ya nusu saa, na anayemwepua katikati ya hapo atatafuna mpira. Wote wakishaiva hutumbukizwa katika maji ya barafu, huchujwa, kisha hupanguswa kwa kitambaa safi mpaka wakauke. Wengi huiruka hatua hii ya kupangusa, na kwa maoni yetu ndipo saladi nyingi huharibikia. Tango nalo huondolewa mbegu, hunyunyiziwa chumvi na kuachwa kwenye chujio kwa robo saa, ili maji yake yaishie kwetu wala si kwenye sahani yako.

Kwa asiyependa vya baharini, tunatumia minofu ya mbuta (samaki wa ziwani, aitwaye pia sangara), ambayo haivurugiki upesi inapochanganywa. (Wapo wanaoipenda kuliko kamba, nasi hatubishani nao.)

Ukifika nyumbani, iweke saladi kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake, na uchanganye sosi unapokaribia kula. Isikae mezani zaidi ya saa mbili, na mchana wa jua kali isizidi saa moja. Usiigandishe, kwa sababu mayonezi ikiyeyuka hujitenga mafuta. Mwenye mzio wa kamba au mayai atufahamishe anapoagiza, maana mayonezi hutengenezwa kwa mayai.